Utando Kati ya Almasi na Shaba: Wosia kwa Wajukuu

Wajukuu wangu,

Mirathi yangu haina mjadala. Nyumba na minazi vina hesabu yake, na kadhi anajua nani apate fungu gani. Wosia wa mali nao una mpaka: hauvuki theluthi, wala mrithi haandikiwi. Lakini wosia wa kazi hauna theluthi. Huo naweza kuwaachia nyote, kila mmoja akaupata mzima, ndiyo maana nauandika sasa, mkono ungali unashika kalamu.

Riziki yangu ilikuwa katika metali. Nilisomea Leningrad enzi zile vijana wetu walipopelekwa Sovieti kusoma, kisha nikafanya kazi Ujerumani katika mambo ya kupoza vifaa vya umeme. Niliyoyashika ni mengi, ila liko moja lililonishika mimi mpaka nikastaafu, na nimesikia nyinyi wawili mmeanza kuliingia: kuzivisha punje za almasi utando wa metali kabla ya kuzichanganya na shaba, ili joto lipite. Mjomba wenu ananiambia mnaona ni kazi ndogo, kazi ya kupaka rangi. Basi someni polepole.

Kwanza mjue shida inayotafutiwa dawa. Chipu za siku hizi ni ndogo na moto wake ni mkubwa. Vikuza mawimbi vya galiamu nitridi vilivyomo kwenye rada na minara ya simu, daiodi za leza, swichi zinazoendesha treni za umeme, vyote hivyo vinamwaga joto jingi katika eneo lisilofika ukucha wa kidole. Joto lisipoondoka, kifaa kinakufa kabla ya siku zake. Shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 kwa mita kwa kelvini. Alumini haifiki 240. Almasi safi hufika 2,000. Kuanzia hapa nitaandika namba tupu, kipimo mmekwisha kukijua.

Shaba ina ila nyingine. Ikipata joto hutanuka sana, sehemu 17 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi moja, ilhali silikoni haifiki 3. Ukiibandika chipu juu ya shaba tupu, kila inapowashwa na kuzimwa viwili hivyo vinavutana, mpaka solda inapasuka. Almasi hutanuka sehemu moja tu. Kwa hiyo yeyote mwenye akili zake ataona jibu: changanya almasi na shaba, upate kitu kinachopitisha joto kuliko shaba na kutanuka kidogo kuliko shaba. Mkifanya hivyo bila maandalizi, mkachanganya unga wa almasi na unga wa shaba, mkaubana kwenye joto, mtatoa kitu kinachopitisha joto vibaya kuliko shaba peke yake. Mmetia kipitishi bora kuliko vyote vya kawaida, na mmerudi nyuma. Almasi imekuwa mzigo ndani ya shaba.

Wosia wangu wote unahusu hapo tu, pale viwili vinapokutana.

Shaba iliyoyeyuka haiitaki almasi. Tone lake likiwekwa juu ya uso wa almasi hujikusanya kama maji juu ya jani la yungiyungi, na pembe ya mgusano hupita nyuzi 120. Shaba haifanyi kabaidi, kwa hiyo haina kitu cha kushikana nacho katika kaboni. Ikiganda huacha nyufa na uwazi kuzunguka kila punje, na uwazi haupitishi chochote cha maana.

Hilo ni la nje, na darubini hulionyesha. La ndani ni gumu zaidi. Katika shaba joto hubebwa na elektroni zinazotembea huru. Katika almasi hakuna elektroni huru. Joto hubebwa na mitikisiko ya wavu wa atomi, ile tunayoiita fononi. Mbebaji wa huku haingii kule. Elektroni za shaba hazina budi kukabidhi nishati kwa fononi, na fononi za shaba zikabidhi kwa fononi za almasi, nazo hizi mbili hazilingani. Atomi za shaba ni nzito na zimeshikana kwa ulegevu, mitikisiko yake inaishia kwenye terahezi 7 au 8. Atomi za kaboni ni nyepesi na zimefungana kwa nguvu, mitikisiko yake hupanda hadi 40. Mawimbi yanayofika mpakani mengi yanarudishwa yalikotoka, hata kama vitu viwili hivyo vimegusana sawasawa bila ufa.

Pyotr Kapitza ndiye aliyelipima jambo la namna hii, Moscow, mwaka 1941. Yeye alikuwa na heliamu ya kimiminika na metali kwenye baridi kali, mbali kabisa na tanuru zetu. Aliona kwamba joto likivuka kutoka kimoja kwenda kingine, halijoto haishuki polepole, inaruka ghafla palepale mpakani. Mpaka wenyewe ulikuwa na ukinzani wake, ingawa hauna unene wa kupimwa. Ukinzani huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Vijana wengi wa uhandisi wanamaliza shule bila kuusikia, kwa sababu katika bomba na sufuria hauonekani. Ukishavunja kitu vipande vidogo mamilioni, ukazidisha mipaka, unaonekana.

Sasa shikeni kalamu, maana maneno peke yake hayatoshi. Iko hesabu ya Hasselman na Johnson, ya mwaka 1987, ambayo kila mtu wa fani hii anaitumia. Wazo lake ni hili: punje ya almasi yenye mpaka mbaya isihesabiwe tena kuwa almasi, ihesabiwe kuwa punje ya kitu kingine kinachopitisha kidogo. Kiasi gani? Chukueni upitishaji wa mpaka, mzidishe kwa nusu kipenyo cha punje. Gawanyeni upitishaji wa almasi kwa jibu hilo, ongezeni moja. Kisha upitishaji wa almasi ugawanyeni kwa hicho mlichopata.

Tuseme almasi yetu ni ya viwandani, ya wastani, 1,500. Kipenyo chake ni mikromita 100, kwa hiyo nusu yake ni 50. Mpaka ni mbaya, unapitisha wati milioni 10 kwa mita ya mraba kwa kelvini. Milioni 10 mkizizidisha kwa mikromita 50 mnapata 500. Gawanyeni 1,500 kwa 500, ni 3. Ongezeni moja, ni 4. Gawanyeni 1,500 kwa 4. Ni 375! Almasi mliyoitolea fedha imeshuka chini ya shaba inayoizunguka. Jazeni asilimia 60 ya ujazo kwa almasi ya namna hiyo, na kitu kizima kitatoa kama 385.

Uboresheni mpaka mara kumi, uwe wati milioni 100. Hesabu ile ile inatoa 1,154 kwa punje, na asilimia ile ile 60 inatoa kama 760. Almasi haikubadilika, shaba haikubadilika, wala tanuru. Kilichobadilika ni kitu ambacho macho hayakioni.

Msiishie hapo. Acheni mpaka ule mzuri, mpunguze punje ziwe za mikromita 10. Mtarudi 375, kana kwamba hamkufanya kazi yoyote, kwa sababu unga laini una mipaka mingi mno. Nimeona watu wazima wakinunua almasi laini kwa kuamini kwamba laini ndiyo bora. Kwa kusugua lenzi, sawa. Kwa joto, nunueni punje za mikromita 100 kwenda juu.

Utando unaingia hapa. Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja: upande wa almasi ufunge kabaidi, upande wa shaba ukubali kulowa. Metali ziwezazo ni chache: titani, kromi, tungsteni, molibdeni, zirkoni. Boroni nayo hufanya kazi hiyo, ingawa si metali. Zote hushika kaboni. Ila kila utando ni kikwazo chenyewe, na vijana husahau hili baada ya kufurahi kwamba shaba imelowa. Kabaidi ya titani hupitisha kama 20 tu, ya kromi haiko mbali na hapo. Wekeni utando wa kabaidi ya titani wenye unene wa mikromita moja: hata kama kila kitu kingine ni kikamilifu, mpaka wenu hautavuka wati milioni 20. Mmejijengea ukuta mzuri sana. Upunguzeni hadi nanomita 200, dari inapanda hadi milioni 100. Kabaidi ya tungsteni, ambayo hupitisha karibu 100, kwa unene huo huo dari yake ni milioni 500.

Mtaniuliza, basi kwa nini tusiweke nanomita 5? Kwa sababu punje ya almasi si kioo cha dirisha. Ina nyuso za miraba na nyuso za pembetatu, ina kingo na pembe, na atomi za kila uso zimepangwa kwa namna yake, kwa hiyo kabaidi haioti sawa kila mahali. Utando ukiwa mwembamba mno unaacha vipara, na penye kipara shaba hailowi. Mimi eneo langu la kazi lilikuwa kati ya nanomita 50 na 300. Chini ya hapo nilikuwa nawinda vipara, juu ya hapo nilikuwa nalipa ushuru wa unene bila kupata kitu.

Waliotutangulia someni kwa jicho hilo la hesabu, mtawaelewa zaidi. Maabara ya Lawrence Livermore kule California, pamoja na kampuni ya Sun Microsystems, ilitoa kitu walichokiita Dymalloy katika miaka ya 1990. Kilianza kutafitiwa kwa ajili ya vifaa vya anga za juu. Walichukua almasi za mikromita 25, wakazivisha nanomita 10 za tungsteni iliyochanganywa na reniamu, juu yake wakaweka nanomita 100 za shaba ili kabaidi isiharibiwe na oksijeni, kisha wakapenyeza aloi ya shaba na fedha iliyoyeyuka. Utaalamu ulikuwa wa juu sana. Upitishaji ulikuwa 420, yaani shaba na kidogo juu yake. Mtu wa pupa atasema walishindwa. Rudini kwenye hesabu: punje ya mikromita 25 haikuwa na nafasi ya kufika mbali. Na mjue walichokuwa wakikitafuta zaidi ni kutanuka, na hicho walikipata. Kwa asilimia 55 ya almasi walilingana na galiamu asenidi.

Weber na Tavangar wa Lausanne, mwaka 2007, walikwenda njia nyingine. Hawakuvisha punje, walitia kromi au boroni kidogo ndani ya shaba yenyewe, ili kabaidi iote mpakani wakati wa kupenyeza. Wakavuka 600, na wakaonyesha kwamba kila kimoja kina kiwango chake: kikipungua hakifungi, kikizidi kinaharibu. Miaka michache baadaye watu wa Taasisi ya Ioffe, pale pale mji niliosomea (sasa unaitwa St Petersburg), walizivisha punje kubwa utando mwembamba wa tungsteni na kuvuka 900. Wachina wa Beijing wamefika huko huko kwa zirkoni ndani ya shaba. Kwa hiyo njia zote mbili zinafika.

Mimi ni mtu wa kuvisha, sifichi. Anayetia dawa ndani ya shaba ana urahisi wake, hahitaji chombo cha utando, na kiwandani urahisi ni fedha. Lakini kinachobaki kimeyeyuka ndani ya shaba kinazuia elektroni zake. Titani ndiyo mbaya zaidi, kidogo tu kinaitia shaba ugonjwa. Ukivisha punje, shaba inabaki shaba. Na katika kuvisha mimi huchagua tungsteni, kwa sababu tungsteni na shaba haziyeyukiani hata kidogo. Titani, kama haijageuka yote kuwa kabaidi, shaba moto ikifika inaila. Utando mlioutengeneza kwa uvumilivu unageuka uchafu ndani ya shaba, na punje inabaki uchi.

Tuje kwenye mikono. Almasi ya kazi hii haitoki Mwadui, msiwadanganye wazazi wenu kwamba mnachezea vito. Ni almasi ya kutengenezwa, kwa mgandamizo mkubwa na joto kali, ufundi ambao General Electric ya Marekani iliufanikisha Desemba 1954, na ambao leo kwa sehemu kubwa uko China, hasa mkoa wa Henan. Hutolewa kutoka kaboni iliyoyeyushwa ndani ya nikeli, chuma au kobalti, kwa hiyo nyingi zimebaki na vipande vya metali hizo ndani yake au usoni. Chagueni punje zenye nyuso timilifu, zisizo na madoa meusi. Rangi ya manjano ni naitrojeni, na naitrojeni hupunguza upitishaji. Ikikolea sana, zirudisheni. Kisha zioshwe kwa asidi, zisuuzwe mpaka maji yatoke safi, zikaushwe. Msiruke hatua hii hata kama karatasi ya muuzaji inasema punje zimeoshwa. Nikeli, chuma na kobalti zikibaki usoni, kwenye joto zinaigeuza almasi kuwa grafiti, na grafiti ni laini, utando wenu utasimama juu ya masizi. Almasi yenyewe kumbukeni inaungua. Ikipita nyuzi 700 penye hewa inaanza kuliwa. Kwa hiyo ombwe, au agoni safi.

Namna za kuvisha ni nyingi nami nitazipita haraka, kwa kuwa vitabu vinazo. Ipo ya kunyunyizia kwa magnetroni, nzuri kwa kupima unene, lakini punje ziwe zinageuzwageuzwa, la sivyo upande wa chini unabaki bila kitu. Ipo ya chumvi iliyoyeyushwa, ambayo maabara maskini inaweza kuimudu: chumvi ya kawaida na kloridi ya potasiamu kwa molekuli nusu kwa nusu, huyeyuka kwenye nyuzi 657, ndani yake mnatia unga wa metali na almasi, mnapandisha hadi karibu 1,000 chini ya agoni, metali inasafiri ndani ya chumvi na kujishika kwenye kaboni. Ukishapoza unaosha chumvi kwa maji ya moto. Joto na muda ndivyo vinavyoamua unene. Ipo ya kuzika punje ndani ya unga wa oksidi ya tungsteni katika ombwe, ambayo mimi niliipenda kwa sababu utando unafuata kila pembe ya punje. Yeyote mtakayoichagua, andikeni kila siku uzito wa punje kabla na baada. Mizani nzuri huwaambia unene wa wastani kabla hamjapata nafasi kwenye darubini ya elektroni.

Halafu kuna mtego wa sokoni. Mkitafuta almasi yenye utando mtaipata nyingi, tayari kwenye mifuko, ya nikeli, ya titani, ya shaba. Karibu yote imetengenezwa kwa ajili ya mawe ya kusagia. Pale utando una kazi ya kuifanya punje ishikwe vizuri na gundi au metali ya gurudumu, na unene unaotakiwa ni mkubwa. Nikeli kwa kazi yetu ni sumu kabisa: haifungi kabaidi ya kudumu, inaigeuza almasi grafiti, kisha inayeyuka ndani ya shaba. Tuliwahi kuletewa mfuko wa punje za titani zilizosifiwa sana. Chini ya darubini utando ulikuwa unabanduka kama magamba ya samaki aliyekauka juani, na nyuso za pembetatu nyingi zilikuwa wazi. Muuzaji alituonyesha cheti. Cheti kilikuwa kizuri. Nawausia: kila mfuko mpya, chukueni punje chache zisambazwe juu ya mkanda wa kaboni, zitazamwe moja moja, kabla ya kutia hata kijiko kimoja kwenye kalibu.

Kupenyeza shaba sitakueleza sana. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, mnaisukuma kwa gesi ndani ya kalibu ya grafiti iliyojaa punje. Punje za saizi moja zilizotikiswa vizuri zinajaza kama asilimia 60 ya nafasi. Mkitaka zaidi, ongezeni punje ndogo za kujaza mianya, lakini mkumbuke hesabu ya punje ndogo. Umbo la mwisho litoke kalibuni, maana kitu hiki hakichongeki. Msumeno unaisha, drili inaisha, fundi anakasirika. Leza inakata, kwa bei yake.

Sasa jambo linaloniuma. Katika kazi hii watu wanashindana kwa namba, na namba moja nzuri inaweza kumpandisha mtu cheo. Wengi hupima kwa mweko wa leza, njia ya Parker na wenzake ya mwaka 1961: uso mmoja wa kisahani unapigwa mwanga, upande wa pili unasubiriwa upate joto. Kinachopimwa hapo ni kasi ya joto kuenea tu. Ili kupata upitishaji unazidisha kwa uzito wa ujazo na kwa uwezo wa kuhifadhi joto, na hizo mbili mtu anaweza kuziokota kitabuni badala ya kuzipima. Uzito wa ujazo wa kitabu hauna vishimo, wa sampuli unavyo. Kisahani kikiwa cha milimita mbili na punje za robo milimita au zaidi, joto linavuka punje chache tu, na punje moja iliyokaa vizuri inaweza kuipandisha namba. Kwa hiyo msomapo makala inayotangaza 800 au 900, ulizeni unene wa sampuli, ulizeni ukubwa wa punje, ulizeni uzito wa ujazo ulitoka wapi, ulizeni sampuli zilikuwa ngapi. Majibu yakikosekana, iwekeni makala kando bila kugombana na mtu. Na zenu ziwe na majibu yote manne.

Neno moja la nyumbani. Shaba ya Katanga inapita bandari ya Dar es Salaam kila siku, juu ya malori yanayotoka Kolwezi na Lubumbashi, na ile ya Zambia ilijengewa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Mbuji-Mayi kule Kasai ilichimbwa almasi za viwandani kwa miongo mingi kabla mashine za Wachina hazijaujaza ulimwengu. Tuna vyote viwili mlangoni, na kimoja kati ya hivyo hatukihitaji tena kutoka ardhini. Tusichokuwa nacho ni watu wanaojua nanomita 200 zinakaaje juu ya uso wa punje. Wala kwa hilo hatuhitaji mgodi. Tunahitaji tanuru la ombwe linalofanya kazi, mizani, darubini ya kuazima, na vijana wasiochoka kuosha punje. Ndiyo maana sikuwaandikia waziri, nimewaandikia nyinyi.

Madaftari yangu yako kwenye kasha la bati chini ya ngazi, yamefungwa kwa kamba, ya Kijerumani yamewekwa juu na ya Kirusi chini. Jedwali za uzito kabla na baada ya kuvisha ziko zote, na yale ya chumvi yameliwa pembe na mende lakini yanasomeka. Gawaneni bila ugomvi, na kila mmoja atoe nakala kwa mwenzake.

Na la mwisho ninalowataka. Sampuli yenu ya kwanza ikishatoka kalibuni na kupimwa, msiitundike ukutani. Ingizeni katika mizunguko ya baridi na joto, kutoka nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu, kwa mamia, kwa sababu shaba inatanuka mara kumi na saba ya almasi na kila mzunguko unauvuta ule utando pande mbili. Utando unaoshika siku ya kwanza huenda usishike mwaka wa pili, na vifaa vya minarani vinatakiwa kuishi miaka. Makala nyingi zinatoa namba ya kwanza, chache zinatoa ya pili. Ipimeni tena, mziandike namba zote mbili kwenye ukurasa mmoja, hata kama ya pili imeanguka vibaya, mniletee nizione kabla macho haya hayajaniacha.

Babu yenu